Siku 12 nchini Malaysia mwezi wa Desemba: twende wapi, tuache wapi?

Mpanga_Ratiba

Salaam, ndugu zangu.

Ninapanga likizo ya familia nchini Malaysia kuanzia katikati ya Desemba. Tutakuwa wanne: mimi, mke wangu, binti yetu mwenye umri wa miaka 9, na mama yangu mzazi ambaye ametimiza miaka 67 na magoti yake hayapatani tena na ngazi. Tutalala nchini humo usiku 11. Nimesoma kwa muda wa miezi miwili, na kila ninaposoma orodha inarefuka badala ya kufupika. Kwa sasa nimeandika hivi: Kuala Lumpur siku mbili, msitu wa Taman Negara siku mbili, visiwa vya Perhentian siku tatu, Penang siku moja, kisiwa cha Langkawi siku mbili, kisha ndege hadi jimbo la Sabah, kisiwani Borneo, ili binti aone orangutan, yaani nyani mkubwa wa msituni, kama nilivyomwahidi, na Melaka njiani wakati wa kurudi, ikiwa muda utaruhusu.

Mke wangu ameutazama mpango huu akasema hiyo si likizo bali ni mbio za mwenge. Naomba wenye uzoefu waniambie kipi kiondoke na kwa sababu gani. Ningependa pia kufahamu habari za chakula, kwa kuwa mama hali kisicho halali, pamoja na nyaraka ambazo watu husahau hadi wanapofika dirishani pa uhamiaji. Nchi hii nimeichagua kwa sababu Wamalay, Wachina, Wahindi na wenyeji wa Borneo wanaishi pamoja, nami ningependa binti alione jambo hilo mitaani, si katika maonyesho ya ngoma hotelini.

KusiNaKaskazi

Ndugu Mpanga_Ratiba, mkeo ana haki. Ila kabla ya kuhesabu siku, hesabu mvua, kwa maana Desemba itakufutia sehemu kubwa ya orodha hiyo bila kukuomba ruhusa.

Malaysia iko karibu na ikweta, kwa hiyo joto lake ni lile lile mwaka mzima, nyuzi 30 na ushei mchana. Kinachobadilika ni upande ambao mvua inatokea. Kuanzia Novemba hadi Machi hutawala pepo za kaskazini-mashariki, yaani kaskazi kwa lugha ya mabaharia wetu. Lakini kaskazi tuliyoizoea hutujia kavu, ilhali ile inayofika Malaysia imepita juu ya Bahari ya Kusini ya China na kujaza maji njia nzima, halafu inagonga pwani ya mashariki na kuyamwaga yote katika majimbo ya Kelantan, Terengganu na Pahang. Mafuriko ya Desemba katika majimbo hayo hayamshangazi mtu. Huo ndio msimu ambao boti za kwenda Perhentian, Redang na Tioman hupungua au kusimama, na hoteli nyingi za visiwani hufunga milango hadi Februari au Machi.

Nakueleza haya kwa kuwa yalinipata. Nilikwenda Perhentian mwishoni mwa Oktoba nikidhani nimeuwahi msimu. Mwenye boti mmoja alipokea nauli ya kwenda na kurudi huku akinihakikishia kwamba hakuna tatizo lolote. Siku ya kurudi mawimbi yalikuwa yanapita juu ya gati, tukakaa kisiwani siku mbili zaidi tukila wali mkavu, na ndege ikatuacha. Kwa hiyo Perhentian iondoke. Taman Negara nayo iondoke: ni msitu mkubwa wenye zaidi ya kilomita za mraba 4,300, unaosemekana kuwa na umri wa miaka milioni 130, lakini uko upande huo huo wa mvua, na mwezi wa Desemba vijia vyake huwa matope yaliyojaa ruba. Magoti ya mama yako hayastahili adhabu hiyo.

Pwani ya magharibi ni habari nyingine. Safu ya milima ya Titiwangsa, inayoigawa rasi katikati kama uti wa mgongo, huizuia kaskazi, na ndiyo sababu Langkawi huanza kukauka mwezi huo huo ambao Perhentian inafungwa. Penang nayo huwa nzuri. Kuala Lumpur hupata mvua ya radi ya alasiri, ambayo kwa kawaida huisha baada ya saa moja au mbili, basi ya nje yafanyeni asubuhi na ya ndani myaache mchana.

Reli_na_Barabara

Naafikiana na aliyetangulia, nami nitaongeza mpangilio wa njia, kwa kuwa makosa mengi ya safari hizi hutokana na kurudi rudi Kuala Lumpur bila sababu.

Laleni Kuala Lumpur usiku tatu. Uwanja wa ndege, uitwao KLIA kwa kifupi, uko Sepang, mbali na jiji. Treni ya KLIA Ekspres inafika KL Sentral, kituo kikuu cha treni, kwa dakika 28 na nauli yake ni ringgit (fedha ya Malaysia) 55 kwa mtu mzima, ila kwa watu wanne wenye mizigo gari la kuitwa kwa programu ya simu huwa nafuu zaidi na huwafikisha mlangoni, ingawa litachukua saa nzima au zaidi. Minara ya Petronas, yenye urefu wa mita 452, haipokei wageni Jumatatu, na tiketi za kupanda hadi kwenye daraja linaloiunganisha katika ghorofa ya 41 na ya 42 hukatwa mapema mtandaoni. Maoni yangu ni kwamba minara hiyo inapendeza zaidi ukiitazama usiku kutoka kwenye bustani iliyo chini yake, na bustani haina kiingilio. Binti apelekwe kwenye msitu mdogo wa Bukit Nanas, katikati ya jiji, ambako kuna madaraja ya kutembea juu ya vilele vya miti. Hautashindana na Taman Negara, lakini hauna ruba.

Batu Caves, mapango yenye hekalu la Wahindu, mtafika kwa treni ya abiria kutoka KL Sentral. Ngazi zake ni 272, kwa hiyo mama abaki chini karibu na sanamu ya Murugan, mungu wa Wahindu, yenye urefu wa karibu mita 43, ambako kuna vivuli na mengi ya kutazama. Nyani wa pale ni wezi waliobobea, msipande na mfuko wa chakula mkononi.

Baada ya hapo pandeni treni ya umeme ya ETS hadi Butterworth, mwendo wa takriban saa nne, kisha mvuke kwa feri hadi George Town, mji wa kisiwani Penang. Tiketi za treni hiyo kateni mapema iwezekanavyo, kwa sababu Desemba ni likizo ya shule hata Singapore, na familia nyingi za huko huvuka mpaka. George Town mpeni usiku tatu, si siku moja kama ulivyoandika. Kutoka Penang kuna ndege fupi ya kwenda Langkawi, na hapo laleni usiku tatu. Mwisho rukeni hadi KLIA, na badala ya kuingia jijini chukueni basi la kwenda Melaka pale pale uwanjani, mlale Melaka usiku mbili, kisha mrudi uwanjani kwa basi kama hilo siku ya kuondoka. Hizo ni usiku 11.

Sabah iacheni. Inastahili safari yake peke yake.

BintiMsitu

Kwa heshima zote, kaka Reli_na_Barabara, hapo sikubaliani nawe. Mtoto ameahidiwa orangutan, nawe unampa ufuo wa bahari. Fuo ziko nyingi duniani, lakini orangutan aliye huru msituni anapatikana katika visiwa viwili tu, Borneo na Sumatra. Jina lake lenyewe ni la Kimalay: *orang* ni mtu na *hutan* ni msitu.

Ningekuwa mimi, ningeiondoa Langkawi na kupeleka zile usiku tatu Sandakan, katika jimbo la Sabah. Kituo cha Sepilok kimekuwa kikiwalea orangutan yatima tangu 1964 na kuwarudisha msituni. Wageni huwatazama wakija kula kwenye majukwaa mara mbili kwa siku, saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Njia za pale ni za mbao zilizoinuliwa juu ya ardhi, hazina ngazi za kutisha, na mama atatembea kwa raha zake. Mkabala na hapo kuna kituo cha dubu wa jua, dubu mdogo kuliko wote duniani, ambacho mtoto wa miaka 9 hatakisahau upesi. Jambo moja la kumwandaa nalo ni kwamba matunda yakiwa mengi msituni, orangutan wakubwa hawana haja ya ndizi za binadamu, na jukwaa linaweza kubaki na wawili watatu tu. Kwa hiyo hudhurieni awamu zote mbili, na ikibidi rudini kesho yake.

Sikatai kwamba Desemba ni mwezi wa mvua kubwa Sandakan. Mtalowa. Lakini mvua haimzuii orangutan kuja kula, wala haiwazuii ninyi kuvaa makoti ya mvua. Msichopaswa kukijaribu katika mwezi huo ni kulala kando ya mto Kinabatangan, ambao hufurika, na mlima Kinabalu wenye mita 4,095 usiutaje kabisa mbele ya mama yako.

MamaWawili

Mwanangu Mpanga_Ratiba, mimi nitajibu la chakula, kwa kuwa nimesafiri huko na mama mkwe wangu na ninajua wasiwasi wa mtu mzima anapoketi mbele ya sahani asiyoijua.

Mama yako hatalala na njaa. Wamalay ni Waislamu, na kuna Waislamu wenye asili ya India wanaoendesha migahawa inayoitwa *mamak*, mingi ikiwa wazi usiku kucha. Asubuhi mwagizieni *nasi lemak*, nao ni wali wa nazi wenye dagaa wakavu, karanga, yai na pilipili ya kusaga iliyokaangwa. Ataujua kabla hajaonja. *Roti canai* ataiita chapati, na hatakosea sana. Chai ya *teh tarik* huvutwa juu chini kati ya vikombe viwili hadi itoe povu, na binti atataka kuitazama mara tatu tatu. Katika mabanda ya chakula mlo wa kawaida huwa kati ya ringgit 8 na 15.

Tahadhari iko kwenye vyakula vya Wachina, ambavyo ni vitamu na ambavyo Penang inajivunia, ila vingi hupikwa kwa nguruwe au kukaangwa kwa mafuta yake. Jifunzeni neno *babi*, maana yake nguruwe. Tazameni pia alama ya halali inayotolewa na idara ya serikali iitwayo JAKIM. Tangazo linalosema tu kwamba mgahawa hautumii nguruwe si sawa na alama hiyo, kwa kuwa halisemi lolote kuhusu namna kuku alivyochinjwa. Nilikuwa napenda kuona jinsi wenyeji wenyewe wanavyolitatua jambo hili bila makelele: marafiki wa dini tatu wanakutana kwenye mgahawa wa *mamak*, kwa sababu pale hakuna nguruwe wa kumzuia Mwislamu, na Mhindu asiyekula ng'ombe anaagiza kuku au dengu. Huo utangamano unaoutafuta mtaukuta mezani zaidi kuliko jukwaani.

Ukitaka kumwonyesha binti kwa macho, mpeleke George Town katika barabara ya Jalan Masjid Kapitan Keling. Kwa mwendo mfupi wa miguu mtapita msikiti ulioanzishwa na Waislamu wa Kihindi, hekalu la Wahindu la Sri Mahamariamman, hekalu la Wachina la Mungu wa Kike wa Huruma, na kanisa la Mtakatifu George la mwaka 1818. Melaka kuna mtaa wa namna hiyo hiyo, na msikiti wake wa Kampung Kling una paa la tabaka tabaka ambalo mgeni asiyejua angeapa kuwa ni la hekalu. Mji huo ulitekwa na Wareno mwaka 1511, wakafuata Waholanzi mwaka 1641, kisha Waingereza, na kati ya Wachina wahamiaji na wenyeji wakazaliwa Baba na Nyonya, watu wenye mapishi na mavazi yao. Panga usiku za Melaka ziangukie mwisho wa wiki, kwa sababu soko la usiku la Jonker huwapo Ijumaa hadi Jumapili.

Misikitini wageni huazimwa majoho, msihangaike kubeba. Vueni viatu mlangoni hata kwenye nyumba za watu. Mkinunua doriani, mlile papo hapo barabarani, kwa maana hoteli nyingi zimebandika picha ya tunda hilo iliyopigwa mstari mwekundu. Na mpakeni mtoto dawa ya mbu hata mchana, kwa sababu mbu wa homa ya dengi haisubiri magharibi.

Reli_na_Barabara

Dada BintiMsitu, hoja yako ya mtoto ni nzito na ninaikubali nusu. Nusu nyingine ni hii: kutoka Kuala Lumpur hadi Sandakan ni karibu saa tatu angani, na kutoka Penang huenda wakalazimika kuunganisha ndege Kuala Lumpur, kwa hiyo siku nzima ya kwenda inapotea. Usiku tatu za Sandakan ni siku mbili tu za kweli. Mwenye safari aamue akiwa anajua hivyo.

Mpanga_Ratiba

Nimewasomea wote majibu yenu mezani usiku wa jana, na uamuzi ulipatikana kwa njia ambayo sikuitarajia. Mama, ambaye nilidhani ndiye atakayetaka ufuo wa Langkawi na kiti cha kivuli, ndiye aliyesema kwamba bahari ameiona maisha yake yote na kwamba mtu wa msituni hajapata kumwona. Binti hakuhitaji kupiga kura.

Basi itakuwa Kuala Lumpur usiku tatu, George Town tatu, Sandakan tatu na Melaka mbili. Perhentian na Taman Negara zimefutwa kwa mkono wangu mwenyewe. Langkawi niliifuta kwa uchungu, na nitajiliwaza kwa alasiri moja ya Batu Ferringhi, kwa kuwa ufuo huo uko Penang kwenyewe. Siku moja ya kupotea viwanjani tunaikubali.

Kilichobaki ni nyaraka.

KusiNaKaskazi

Nyaraka si nyingi, ila kila moja ina mtego wake. Viza hutegemea pasipoti mnayobeba, hivyo hakikisheni kwa idara ya uhamiaji ya Malaysia yenyewe au ubalozi wake, si kwa masimulizi yetu humu, na pasipoti ziwe na uhai wa miezi 6 angalau. Tangu mwanzo wa 2024 mgeni hujaza kadi ya kuwasili ya kidijitali, iitwayo MDAC kwa kifupi, ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na kila msafiri hujaziwa ya kwake, mtoto naye akiwamo. Kadi hiyo haina malipo. Tovuti itakayowadai fedha si ya serikali. Mkitokea au mkipita katika nchi yenye hatari ya homa ya manjano, mtaombwa cheti cha chanjo, nacho huanza kuhesabiwa siku ya 10 baada ya kuchomwa sindano, kwa hiyo msichanjwe wiki ya safari. Hotelini kuna kodi ya utalii ya ringgit 10 kwa chumba kwa usiku mmoja, ambayo hulipwa na wageni tu na mara nyingi haimo katika bei mliyoiona mtandaoni. Kwa vyumba viwili na usiku 11, tengeni ringgit 220 pembeni.

Mtego wa Sabah ni kwamba jimbo hilo, sawa na Sarawak, lina udhibiti wake wa uhamiaji. Mkishuka Sandakan mtapita tena dirishani kukaguliwa pasipoti ingawa hamjatoka Malaysia. Msizifungie katika mizigo mliyoikabidhi.

La lugha msiliogope. Kiingereza kinaeleweka mijini, lakini mfundisheni binti kusalimia kwa Kimalay: *Apa khabar?* Atagundua mwenyewe kwamba neno la pili ni habari. Kisha mwache ahesabu mengine mabangoni: *sabun*, *waktu*, *kamus*, *dunia*, yote tuliyachota katika kisima kimoja cha Kiarabu. *Bendera* ni bendera na *meja* ni meza, nayo tuliachiwa na Wareno wale wale waliotajwa na MamaWawili.

BintiMsitu

Nyongeza ndogo kwa Mpanga_Ratiba: Sepilok ni mwendo wa kama nusu saa kwa gari kutoka mjini Sandakan, na zipo nyumba za wageni karibu na lango la kituo. Laleni huko badala ya mjini, ili mvua ikinyesha asubuhi muweze kusubiri barazani na kufika jukwaani kabla ya saa nne.